Mwanangu hataki tena kuweka akiba tangu nilipokivunja kibubu chake: nianzie wapi?

Baba wa Kihonda (Morogoro)

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaomba ushauri wa wazazi na walimu kuhusu mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 13, anayesoma darasa la saba. Mwaka jana, wakati wa likizo ya Juni, mama yake alimfundisha kutengeneza barafu za ukwaju na za ubuyu, naye akawa anaziuza hapa hapa nyumbani kwa shilingi 100 kila moja, jioni akishatoka shule na siku za Jumamosi. Seremala wa mtaani alimtengenezea kibubu cha mbao kwa shilingi 3,000, na kwa miezi sita kijana alikuwa akikitikisa kila usiku kabla ya kulala ili asikie kimekuwa kizito kiasi gani. Alikuwa ametuambia kwamba anakusudia kununua baiskeli ya mtumba.

Ilipofika Januari, mahitaji ya shule ya watoto wote watatu yaliingia kwa mkupuo, na mimi, ambaye ni fundi bomba, nilikuwa bado sijalipwa fedha za kazi niliyokwisha kuimaliza. Nilikivunja kibubu kile yeye akiwa ametumwa dukani na mama yake, nikakuta shilingi 47,300. Nilimnunulia sare, viatu na madaftari, kwa hiyo kwa mawazo yangu fedha zilirudi kwake yeye mwenyewe. Jioni nilimweleza, akaitikia, "Sawa, baba." Hakulia wala hakununa, nami nikaona yamekwisha.

Tangu siku hiyo anaendelea kuuza barafu, lakini hakuna shilingi inayolala. Akipata 2,000 mchana, magharibi imekwisha kwa chipsi, soda na kuwanunulia wenzake. Wiki mbili zilizopita jirani alinifuata akaniambia kwamba amemwona kwenye dubwi, ile mashine ya kamari, nyuma ya duka moja, akitumbukiza sarafu za shilingi 200 pamoja na vijana wakubwa. Nimeumia sana. Je, nimkataze asiuze tena? Je, nianze kumlipa kwa kufua na kuchota maji, ili fedha atakazozipata ziwe zinatoka mkononi mwangu na niweze kuzisimamia? Na je, mtoto wa umri huu afunguliwe akaunti benki, au fedha zake zikae kwenye simu yangu?

Mama wa Chumbageni (Tanga)

Kaka yangu, pole, na ahsante kwa kulieleza jambo lote bila kuficha, kwa sababu wengi wetu tungeanzia kwenye dubwi na kuliruka lile la Januari. Umeuliza maswali matatu, lakini mimi naona jibu limekaa pale ulipoandika kwamba ulikivunja kibubu yeye akiwa ametumwa dukani.

Jaribu kuyatazama mambo kwa macho ya mwanao. Kwa miezi sita alijinyima, akijua kwamba kila sarafu inamsogeza karibu na baiskeli. Siku moja anarudi kutoka dukani anakuta fedha iliyolala imechukuliwa na mtu mzima, na kwamba ile aliyoila kwa chipsi ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeweza kuigusa. Anachokifanya sasa si upumbavu. Amepiga hesabu sahihi kwa yale aliyoyaona. Ukimfungulia akaunti kesho, ataiona kuwa ni kibubu kingine ambacho baba ana nyundo yake.

Na jambo la sare, uniwie radhi, lakini sare na viatu vya shule ni wajibu wa mzazi. Fedha zile hazikurudi kwake, zimelipa deni lako. Ningekushauri umrudishie shilingi 47,300 zote, mkononi mwake, ukimhesabia, mama yake akiwepo. Kama huna zote, mpe ulicho nacho, na kilichobaki kiandikwe kwenye daftari kwa tarehe, kama tunavyoandikiana madukani.

Sisi Waislamu tumeelekezwa katika Suratun Nisaa, aya ya 6, tuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na tukiwaona wana upevu tuwakabidhi mali zao, tena kwa mashahidi, wala tusizile kwa haraka kabla hawajakua. Aya inawahusu mayatima, lakini mimi hujifunza humo mambo mawili kwa watoto wangu: kwamba mtoto hujaribiwa kwa mali angali mdogo, na kwamba mlezi hutoa hesabu.

Nilijifunza hivyo kwa kuchelewa. Binti yangu mdogo alirithi kibubu cha dada yake aliyeolewa, na ndani yake mlikuwa na noti nyingi za shilingi 500 za mwaka 2010. Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za zamani zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili 2025, nilitaka kukifungua mwenyewe na kumaliza shughuli. Mume wangu akanizuia, akasema mwenye mali aitwe. Tulikifungua mezani, binti akapanga noti kwa mafungu ya kumi kumi, akakuta 31,500 katika noti zile, tukaenda naye benki akapanga foleni mwenyewe. Alipotoka na noti mpya aliniuliza kwa nini fedha inaweza kuacha kuwa fedha wakati karatasi ni ile ile. Tulilizungumza swali hilo njia nzima mpaka Chumbageni.

Mzee wa Mbozi

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote sikubaliani na dada wa Tanga katika hili la baba kumlipa mtoto deni. Mimi nimekulia Mbozi, katika shamba la kahawa. Tulikuwa ndugu saba. Msimu wa kuchuma ukifika, tuliamka alfajiri, tukachuma, tukamenya kwa mashine ya mkono, tukaosha na kuanika, na malipo yalipotoka kwenye chama cha ushirika yalikwenda kwa baba, naye akatusomesha. Hakuna aliyemwuliza baba, "Changu kiko wapi?" Fedha ilikuwa ya nyumba, na nyumba ilikuwa yetu.

Ninaogopa kwamba tukianza kuandikiana madeni na watoto, tutalea watu wasioweza kumpa mama yao hata chumvi bila risiti. Mtoto lazima ajue kwamba nyumba ikikwama, kila mmoja anatoa alicho nacho. Tena hilo la kumlipa kwa kufua nguo zake na kuchota maji anayoyaoga mwenyewe ningelikataa kabisa.

Kilichokuwepo kwetu ni hiki: kila mtoto akifika miaka kumi alipewa matuta mawili ya maharage pembeni mwa shamba, yakawa yake. Alipanda, alipalilia, aliuza gulioni. Mimi kwa maharage yale nilinunua kuku, kisha mbuzi jike, na mbuzi yule alizaa mara nne kabla sijaenda sekondari. Kwa hiyo sipingi mtoto kuwa na chake. Ninapinga kumshitaki baba.

Mwalimu Mstaafu (Maswa)

Mzee mwenzangu wa Mbozi, nakuheshimu, na naomba nikuulize jambo moja kwa sababu naona jibu umeshalitoa wewe mwenyewe. Katika miaka yote ile ya shida, je, baba yako aliwahi kuingia kwenye matuta yako mawili usiku akavuna maharage yako? Kama angefanya hivyo hata mara moja, sidhani kama ungempata yule mbuzi. Kahawa ilikuwa ya nyumba na kila mtu alilijua hilo tangu mwanzo, maharage yalikuwa yako na kila mtu alilijua hilo pia. Mwenzetu wa Kihonda alivuna kwenye matuta ya mtoto. Kama angemwita, akamwambia, "Mwanangu, nimekwama, nakuomba," nina hakika kijana angetoa, na leo angejivuna kwamba aliiokoa nyumba. Kuchangia nyumba ni kujifunza utu, lakini mtu huchangia kile alichoombwa akakikubali.

Jambo hili nimelifikiria kwa miaka mingi, kwa sababu nilisoma na kisha nikafundisha katika shule zenye mashamba. Mwalimu Nyerere, alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mapato yatumikeje, waone wenyewe faida ya jasho lao. Katika shule niliyosoma sehemu ya kwanza ilitekelezwa, ya pili ikasahauliwa. Tulilima pamba, tukachuma, tukabeba robota kichwani mpaka kwenye mizani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua bei ya kilo. Tulitoka pale tunajua kulima, tunachukia kulima, na hatujui kitu kuhusu fedha. Nilipokuwa mwalimu wa hisabati nilibandika hesabu za shamba la mahindi kwenye ukuta wa darasa: mbegu, mbolea, magunia, usafiri, mauzo. Watoto waliokuwa wakitoroka siku za kilimo walianza kubishana nami kuhusu bei ya gunia.

Sasa turudi kwa kijana wa barafu. Baba yake haelezi kama kijana anajua anapata faida kiasi gani, na hapo ndipo pa kuanzia mara deni litakapokuwa limemalizwa. Nina mjukuu aliyefanya biashara hiyo hiyo hapa nyumbani. Jumamosi moja alitengeneza barafu 60, akauza zote, akaja ananionesha shilingi 6,000 akisema ndiyo faida. Nilimwuliza sukari imetoka wapi. Ilikuwa imetoka kwenye kopo la bibi yake. Tuliketi barazani tukaandika: sukari nusu kilo 1,500, ukwaju 1,000, vifuko 500. Akanyamaza. Nikamwambia friji halifanyi kazi kwa dua, na bibi yake akapendekeza atoe 500 kwa ajili ya umeme wa LUKU. Zikabaki 2,500. Alikasirika kidogo, halafu akachukua kalamu mwenyewe akaanza kutafuta mahali pa kupunguza. Wiki iliyofuata alipunguza sukari, na wateja, ambao ni watoto wenzake, wakamwambia wazi kwamba barafu zimekuwa chachu mno na wakaenda kununua kwa jirani. Wiki ya tatu umeme ulikatika mchana kutwa, barafu 40 zikayeyuka, akanijia machozi yanamlengalenga akiuliza hasara hiyo aiandike wapi. Kwa maoni yangu mtoto anayeuliza hasara iandikwe wapi amekwisha kuielewa fedha kuliko watu wazima wengi ninaowafahamu.

Kwa hiyo usimkataze kuuza. Mtengenezee daftari lenye safu tatu tu, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na mtaji wa Jumamosi ijayo utengwe kabla hajagusa faida. Kwa dubwi, usianze na fimbo. Mwambie aandike humo humo kila sarafu ya 200 aliyoitumbukiza na kila iliyorudi, kwa uaminifu, kwa kumbukumbu za mwezi mmoja uliopita, bila kuadhibiwa kwa atakachokiandika. Akijumlisha, umkumbushe kwamba sarafu mbili ni barafu nne alizozikoroga, kuzifunga na kuzisubiri zigande. Baada ya hapo mzungumzie mwenye duka, kwa sababu michezo ya kubahatisha hairuhusiwi kwa mtu aliye chini ya miaka 18, na wa kulaumiwa kwanza pale ni mtu mzima aliyemwacha mtoto acheze.

Kuhusu malipo ya kazi za nyumbani, nakubaliana na mzee wa Mbozi. Kufua, kuosha vyombo na kuchota maji ni sehemu ya kuishi pamoja. Lakini ipo kazi ambayo ungemlipa mtu wa nje, kama kufyeka majani uani kabla ya masika, na hiyo unaweza kumpa yeye kwa bei mliyopatana, akikabidhi kazi ikaguliwe kama unavyokaguliwa wewe. Nawe ni fundi: siku moja mchukue mwende naye duka la vifaa, aone bei ya bomba na ya koki, kisha aone unavyomwandikia mteja makadirio. Pengine ndipo atakapoelewa kwa nini Januari ulikuwa umekwama, na wewe utapata nafasi ya kumweleza yale ambayo kwa neno "Sawa, baba" hayakuelezeka.

Dada wa Ustawi (Dodoma)

Naongeza jambo moja tu, kwa sababu nimefanya kazi na watoto wanaouza vitu stendi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule, na inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mtoto anayejifunza kuuza barafu kibarazani kwao, mama yake akimwona, yuko salama. Wasiwasi wangu huanza pale biashara inapokua na mzazi anapoona kwamba sinia likipelekwa stendi litauzika zaidi. Nimekutana na mabinti wa miaka 12 wanaotembeza mayai na karanga saa 4 usiku, na nyumbani hawawezi kurudi mpaka sinia liishe. Wale hawafundishwi fedha, wanaihudumia nyumba kwa hatari yao wenyewe. Mwaka huu kijana ana mtihani wa darasa la saba, basi kubalianeni mapema ni siku zipi hatauza.

Mama Nyali (Mombasa)

Kwa swali la simu na benki: huku Kenya, Safaricom ilianzisha mwaka 2022 huduma ya M-PESA Go kwa watoto wa miaka 10 hadi 17, ambayo mzazi humsajili mtoto na kuona matumizi yake. Mwanangu wa miaka 15 anaitumia kwa nauli na chakula cha shuleni. Imenisaidia, lakini nimegundua kwamba fedha za simu kwake ni nyepesi. Anazituma bila kuzihisi, ilhali noti ya shilingi mia huigeuza mara mbili kabla hajaitoa. Kwa mtoto wa miaka 13 ambaye imani yake imevunjika, mimi ningeanza na fedha anazoweza kuzigusa, kisha benki baadaye, akiba itakapokuwa kubwa kiasi cha kutisha kulala nyumbani. Akaunti ya mtoto mara nyingi husimamiwa na mzazi mpaka afikishe miaka 18, kwa hiyo swali la nani anaaminika linarudi pale pale.

Baba wa Kihonda (Morogoro)

Nawashukuru wote. Nilimsomea mke wangu maneno haya usiku, na hatukulala mapema.

Juzi nililipwa sehemu ya fedha zangu. Nilimwita kijana mezani, mama yake akiwepo, nikamwambia kwamba nilichokifanya Januari hakikuwa sawa na kwamba sare ilikuwa juu yangu. Nilimhesabia shilingi 25,000. Alizitazama zikiwa juu ya meza kwa muda bila kuzigusa. Nikamwonesha daftari nililolinunua, ambamo nilikuwa nimeandika "Baba anadaiwa 22,300, kabla ya mwisho wa mwezi ujao." Alichukua kalamu akaandika tarehe ya siku ile pembeni, akaniomba nitie sahihi. Nilitia. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Na ukikwama tena, baba?"

Nilimwambia kwamba nitamwomba, naye atakuwa na haki ya kusema hapana. Nimeona usoni mwake kwamba amesikia, lakini hajaamini, na sasa naona kwamba sina haki ya kumlazimisha aamini. Kuhusu dubwi, aliandika mwenyewe: sarafu 34 zilizoingia, sarafu 9 zilizorudi. Hajasema lolote juu yake, wala mimi sijasema. Kwa mwenye duka nitakwenda kesho na mjumbe wa nyumba kumi.

Naomba ushauri wa mwisho. Fedha zile 25,000 amezifunga kwenye soksi na hajui pa kuziweka. Kibubu kipya hakitaki.

Mama wa Chumbageni (Tanga)

Kaka, umefanya jambo kubwa. Ana haki ya kutokukitaka kibubu, kwa kuwa kibubu hakina mlango wala mlinzi, na yeyote mwenye nyundo ni mwenyewe. Kwenye kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu, hivyo hata mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake, na hakuna anayeona kwamba ametuhumiwa. Mwambie seremala yule yule atengeneze sanduku dogo lenye bawaba na pete mbili za kufuli. Ufunguo mmoja uwe wa kijana. Wa pili, mwachie achague mwenyewe wa kuushika.

Baba wa Kihonda (Morogoro)

Sanduku limekamilika leo, shilingi 8,000, na kijana ametoa 2,000 kati ya hizo kwa hiari yake baada ya kupatana bei na seremala. Ufunguo wa pili amempelekea bibi yake, mama yangu mzazi, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi ameufunga kwenye pindo la khanga yake.